Vifaa Kumi vya Kwenda Kakuma

Karakana yenyewe sitaitaja. Jina lake nalijua, na majina ya waliokuwemo nayajua yote, hata la yule aliyekuwa akijificha nyuma ya tangi ale ugali wake peke yake. Ilikuwa Lodwar, mwaka wa 1974, na ukutani mwa stoo palikuwa na safu tatu za spana. Safu tatu, aina tatu, na hakuna mtu aliyeweza kukuambia kwa nini ni tatu.

Nilikuwa nimefagia pale miaka mitatu. Nikisema kufagia, nina maana niliosha vyuma kwa dizeli, nilizungusha hendeli mpaka viganja vikaota sugu, nililala chini ya malori nikishika taa, na nilimpa fundi spana kabla hajamaliza kuitaja. Lakini kitabuni niliandikwa mfagizi. Fundi alikuwa mtu wa kutoka Kenya. Ndiyo, Kenya. Kwetu mtu akipanda lori la Kitale husema anakwenda Kenya, na waliotufundisha kusema hivyo wanajijua.

Sasa siku moja kukawa na mkutano wa wafanyakazi, nikasimama bila kuitwa.

"Bwana Barasa," nikasema, "karakana hii ina mafundi saba. Naomba unionyeshe Mturkana mmoja kati yao."

Mureithi wa stoo akaangua kicheko. Barasa, ambaye ndiye alikuwa fundi mkuu, hakucheka. Alifuta mikono yake polepole kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Ekwam, wewe una mdomo," akasema. "Mdomo haufungui nati. Haya, injini ya pampu ya Kakuma imekufa, hii ni wiki ya pili. Lori la Ekal linatoka kesho kwenda Lokichoggio. Litakushusha Kakuma Jumanne, litakupitia Jumamosi. Ikifika Jumamosi maji yanatoka, kazi ya fundi wa Kakuma ni yako, nitakuandika kwa mkono wangu. Kama hayatoki, unarudi kwa ufagio, na hiyo sauti yako sitaki kuisikia tena mpaka nistaafu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Waliosikia walikuwa tisa. Niliwahesabu wakati ule ule, kwa sababu nilijua itafika siku ambayo watasema hawakusikia.

Nikaenda stoo. Na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka, na hakikutulia tena wiki ile yote.

Sheria ya stoo ilikuwa imebandikwa mlangoni: sanduku zima la vifaa hutoka kwa fundi mwenye cheti; asiye na cheti haruhusiwi kutoka na zaidi ya vifaa kumi. Nani aliitunga? Kwa nini kumi, si tisa wala kumi na moja? Mureithi mwenyewe hakujua. Lakini karatasi ikishabandikwa mlangoni inakuwa mkubwa wa watu wote.

"Kumi," Mureithi akasema, kalamu sikioni. "Taja moja moja, niandike."

"Kwanza niambie injini ya Kakuma ni ya aina gani."

Akavuta faili. "Hapa inasema ni ya Mwingereza, ya zamani, silinda moja." Akafunua. "Hapa inasema filta ilikufa, ikafungwa ya lori." Akafunua tena, akakunja uso. "Na hapa pampu ya dizeli imebadilishwa, imetiwa ya Mjapani."

"Kwa hiyo ni ya nani?"

"Ya ofisi," akasema. "Taja vifaa."

Niliitazama ile safu ya kwanza. Hizo zilikuwa spana za Mwingereza wa kale, nyeusi, nzito, zilizokuja na injini za wakati wa ukoloni. Ya pili zilikuwa za inchi pia, lakini inchi nyingine, za malori. Ya tatu zilikuwa za milimita, zinang'aa, bado zina grisi ya kiwandani. Nikashika moja ya safu ya kwanza. Imechongwa tatu juu, nane chini. Nikashika moja ya safu ya pili. Tatu juu, nane chini. Nikaziweka pamoja. Mdomo wa ile ya kwanza ungemeza kidole gumba changu. Mdomo wa ile ya pili haukutosha kidole cha mwisho. Namba ni ile ile!

Mimi kusoma nimejifundisha mwenyewe, kwa makaratasi ya kufungia sukari na vitabu vya injini vilivyotupwa. Hesabu za juu na chini nilizisumbukia mwaka mzima. Na sasa naona namba moja imekaa juu ya vitu viwili visivyofanana, kama mtu mwenye wake wawili anayewaambia wote wawili maneno yale yale. Nikajiuliza ni mimi sijui kusoma au ni chuma kinasema uongo.

"Mureithi, mbona hizi zina namba moja na hazilingani?"

"Zimekuja hivyo."

"Nichukue ipi?"

Mureithi si mtu mbaya, ni mtu wa fomu. "Chukua safu moja nzima, usichanganye," akasema. "Fomu ina nafasi ya seti. Ukichanganya, mimi nitaandika nini?"

Ekal, dereva wa lori, alikuwa ameegemea mlango akitafuna tumbaku. Yeye ni Mturkana kama mimi, wa Lokitaung. "Ndugu yangu, chukua milimita," akasema. "Dunia inageuka. Hujaona hata vibao vya barabara vinang'olewa, maili inakuwa kilomita? Hiyo chuma nyeusi achia wazee."

Barasa naye akapita, akachungulia. "Bado anachagua? Chukua nyundo kubwa, na spana malaya. Injini ya Mwingereza inaelewa nyundo."

Spana malaya ni ile yenye taya linalosogezwa, inayokubali kila nati na isiyoshika hata moja vizuri. Mafundi ndio walioipa jina hilo, si mimi. 

Basi nikasimama pale. Watu watatu, njia tatu, na kila mmoja anasema kama anayejua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuifungua injini ile. Jasho lilinitoka mpaka likaingia kwenye macho. Nikamkumbuka baba yangu. Kiangazi kikija, baba hakuwapeleka mbuzi wote upande mmoja. Wengine kwa rafiki yake kule mlimani, wengine kwa shemeji mtoni, wengine nyumbani. Wezi wakija upande mmoja, au majani yakikauka, haamki maskini. Hakujua mvua itanyesha wapi, na hakujifanya anajua.

"Andika," nikamwambia Mureithi. "Spana mbili za safu ya kwanza. Mbili za pili. Mbili za tatu."

"Mungu wangu," Mureithi akasema, lakini akaandika.

Spana moja ina midomo miwili. Kwa hiyo nilikuwa na midomo kumi na miwili, ya makabila matatu. Nikaongeza spana malaya, bisibisi, nyundo ndogo. Hiyo ni tisa. Kilichobaki ni kimoja, na mbele yangu palikuwa na koleo na palikuwa na tupa ya kukwangua chuma. Nilishika koleo. Nikaliweka. Nikashika tupa. Nikaiweka. Nikashika koleo tena.

"Kijana, hii si kuchagua bibi," Mureithi akasema. "Nafunga stoo."

Nikachukua tupa. Kwa nini? Sijui mpaka leo. Mkono wangu ndio ulioichukua.

Barasa alipoona fomu alicheka mpaka akashika ukuta. "Hebu ona! Amechagua kama mtu anayepanga mahari. Mmoja mweusi, mmoja mwekundu, mmoja wa madoa!"

Jumanne asubuhi tukaondoka. Nilikaa juu ya magunia ya mahindi na vifaa vyangu kwenye mfuko wa turubai katikati ya miguu. Niliogopa sana zile namba. Nilijua nikifika pale, mkono umejaa grisi na watu wamenizunguka, nitashika tatu-juu-nane-chini nisiyoitaka, nitaitia kwenye nati, nitaharibu nati. Na nati ikishaharibika, Jumamosi imekwisha.

Lori likakwama kwenye laga moja, mto mkavu, mchanga ukameza magurudumu ya nyuma. Ekal akawashusha abiria wachimbe. Tulipopumzika kwenye kivuli cha lori nikatoa tupa na zile spana. Nikaanza kukwangua.

"Unanoa?" Ekal akauliza.

"Natia chapa."

"Chapa? Spana?"

Nikamweleza. Namba zinaniongopea, lakini chapa ya ukoo haijawahi kuniongopea. Tangu utotoni nikiona ng'ombe au punda au ngamia mbali, najua ni wa ukoo gani kabla sijaona sura yake. Kwa hiyo spana za milimita, kwa kuwa ndizo changa, nilizitia chapa ya ukoo wetu. Zile za inchi za malori nikazitia chapa ya ukoo wa shemeji yangu. Na zile nyeusi za Mwingereza wa kale, kwa kuwa ndizo nzee na nzito na zenye heshima, nikazitia chapa ya ukoo wa mama yangu: duara lenye mkia. Nilikwangua kwa uangalifu, mstari mzuri, wa kina. Nikaona nimekuwa na akili kuliko waliozichonga.

Ekal akaishika moja, akaigeuza. "Ukitoka hapo utaanza kuzikamua," akasema. Halafu akanirudishia. "Lakini Ekwam, chapa ni chapa. Unajua."

"Ni ya kunisaidia tu kukumbuka."

"Mimi nimesema tu," Ekal akasema, akaenda kuangalia magurudumu.

Kakuma ya siku hizo si hii mnayoijua. Palikuwa na maduka machache, misheni, na mto Tarach, ambao ni mchanga mwaka mzima isipokuwa siku ile unapoamua kuua watu. Kibanda cha pampu kilikuwa ng'ambo ya maduka. Nilipofika nilikuta birika la mifugo limekauka, limepasuka kama kisigino, na wanawake wamerudi kuchimba mchanga wa Tarach kwa vibuyu. Mbuzi wamesimama juu ya mashimo wanapiga kelele.

Nikatandika gunia mlangoni mwa kibanda, nikapanga vifaa vyangu kumi. Watu wakaja. Mturkana mwenzao ametumwa na ofisi! Walinisalimu, "Ejok, ejok," wakanishika mkono mpaka ukauma. Na katikati yao akaja mama mmoja mrefu, shanga za shingo zimefika kidevuni, mkono wenye mishipa kama kamba. Huyo ni Nakal. Mbuzi wake walikuwa wengi kuliko wa mtu yeyote upande ule wa mto, na maneno yake pia.

"Wewe ni mtoto wa nani?" akauliza.

Nikamwambia baba, nikamwambia mama. Nilipotaja ukoo wa mama akapiga makofi.

"Basi mimi ni mke wa mjomba wako! Nimeolewa kwa hao hao." Akainama juu ya gunia. Macho yake yakapita juu ya nyundo, juu ya bisibisi, yakasimama. Akanyoosha mkono akachukua ile spana nyeusi iliyo kubwa kuliko mwenzake. Akaipangusa kwa kidole gumba pale nilipokwangua. "Na umetuletea na kitu chetu. Mwana mwema. Wengine wakienda kwa ofisi wanasahau kwa wajomba."

"Mama, hiyo..."

"Ni nzito," akasema kwa furaha. Akaifunga kwenye mkanda wa ngozi kiunoni, akaenda zake mtoni.

Mngefanya nini nyinyi? Nimwite mke wa mjomba wangu mwizi siku ya kwanza, mbele ya watu wake? Nikajiambia: bado ninavyo vifaa tisa. Labda hata sitaihitaji.

Jumatano niliishika injini. Ilikuwa kweli kama faili ilivyosema. Mwili wa Mwingereza, filta ya lori, koo la Mjapani. Nilizungusha hendeli, gurudumu zito likazunguka, injini ikakohoa moshi mweupe, ikafa. Nikazungusha tena. Ikakohoa, ikafa. Pumzi, yaani hewa, imeingia kwenye dizeli, nikasema. Nikachukua spana yenye chapa ya shemeji, nikafungua skrubu ya filta: ikashika sawasawa. Nikachukua yenye chapa ya ukoo wetu, nikafungua bomba la pampu: ikashika sawasawa. Sikuangalia namba hata mara moja!

Washa ya shaba, ile pete ndogo ya kuziba kiungo, pale kwenye bomba ilikuwa imekauka ikawa ngumu, ndiyo iliyokuwa ikivuta hewa. Washa ya shaba ukiichoma ikawa nyekundu na kuitia majini inakuwa laini tena. Lakini utaishika na nini motoni? Na koleo. Na koleo liko Lodwar, ukutani, kwa Mureithi. Niliishika kwa vijiti viwili, vijiti vikashika moto, nikaunguza vidole viwili, na makovu ninayo, na kila nikiyaona nakumbuka ile tupa.

Nikarudisha, nikatoa pumzi yote, dizeli ikatoka safi bila povu. Nikazungusha hendeli. Ikakohoa. Ikafa.

Sasa sikuelewa. Nilikaa juu ya mtungi wa mafuta nikaitazama. Nilifanya kila kitu nilichowahi kuona kikifanywa. Ni mimi nimesahau kitu? Ni kitu ambacho mafundi walikuwa wakifanya nikiwa nimetumwa chai? Nilianza kuona labda Barasa alisema kweli, kwamba mwenye mdomo ana mdomo tu. Jumatano ikaisha hivyo.

Alhamisi asubuhi nikaikumbuka nozeli, kile kidude kinachopuliza dizeli ndani ya silinda. Kikiziba, unaweza kutoa pumzi mpaka uzeeke. Inashikwa na nati mbili, ziko ndani kabisa, ubavuni zimebanwa na chuma. Nikachukua spana ya milimita. Mdomo wa kumi na saba ukakataa kuingia. Nikaigeuza, mdomo wa kumi na tisa ukaingia, ukazunguka bure. Za malori: moja ndogo, moja kubwa. Ile nyeusi iliyobaki: ndogo. Nikachukua spana malaya. Nilipoivuta ikateleza, ngozi ya vidole vyangu ikabaki kwenye chuma, na nilipochungulia nikaona pembe moja ya nati imeanza kuwa mviringo.

Nikaacha hapo hapo. Pembe ya nati ni kama jina la mtu. Ikishachafuka haisafishwi.

Nilijua ni spana gani inatakiwa. Niliiona moja kwa moja, hata kabla sijafunga macho, imelala kiunoni mwa Nakal.

Nikamfuata mtoni. Alikuwa ndani ya shimo mpaka kifuani, anampa mwanamke wa juu kibuyu cha maji.

"Mama, ejok. Nimekuja kuomba ile spana. Nati za injini zinaitaka."

"Ng'ombe mwenye chapa yetu hatoki bomani kwa sababu mgeni ana kiu," akasema bila kusimama.

"Mama, ile chapa si chapa ya kweli. Niliitia njiani, nipate kuzijua spana. Ile spana ni ya ofisi."

Hapo akasimama. Wanawake wote wakaacha kuchota.

"Rudia," akasema.

"Ni alama tu ya..."

"Umeweka chapa yetu juu ya kitu cha watu wengine?" Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Wewe, mtoto wa binti yetu? Kwetu anayefanya hivyo tunamwita jina gani?"

Nilijua jina hilo. Anayetia chapa ya uongo ni mwizi, na ni mwizi wa aina mbaya kuliko yule anayekuja na mkuki, kwa sababu yule wa mkuki unamwona. Nilisimama juu ya shimo lile na jua likanipiga kichwani. Nikisema chapa ni ya uongo, mimi ni mwizi, na maji nitaleta kwa mikono ya mwizi. Nikisema chapa ni ya kweli, spana ni yao, na nitarudi Lodwar bila kile kifaa cha kumi. Nilitafuta njia ya tatu, na kichwa hakikunipa. Huko Lodwar namba moja ilikaa juu ya vitu viwili. Hapa kitu kimoja kilikuwa na wenyewe wawili.

Wale waliotunga sheria ya vifaa kumi hawakuwa wamesimama pale mchangani. Aliyesimama pale ni mimi.

"Chapa ni ya kweli," nikasema. "Spana ni yenu."

Nakal akaweka kibuyu chini. "Sawa. Sasa niombe kama mtu anayeomba kitu cha watu."

"Mke wa mjomba, naomba spana yenu. Injini ina kiu."

"Wanaume wa ofisi," akawaambia wenzake, "mpaka uwavute masikio." Wakacheka wote, na mimi nikacheka kidogo, kwa uoga. "Spana haitoki mkononi mwangu. Lakini mkono wangu una miguu. Twende."

Alikuja na mchanga mbichi miguuni, akaingia kibandani kana kwamba ni boma lake. Nilimwonyesha nati. Nilimwambia usivute kwa ghafla, kaza mwili kwanza, halafu iache ije yenyewe.

"Unanifundisha kuvuta?" akasema. "Mimi ninayevuta maji kutoka chini ya ardhi?"

Spana ikakaa kwenye nati. Haikucheza. Akavuta. Nati ikalia kama mlango wa zamani, ikaachia. Ya pili ilikuwa ile niliyoiharibu pembe. Akavuta, ikakataa. Akatema mate mikononi, akaitukana kwa maneno ambayo siyaandiki, akavuta tena. Ikaachia.

Nozeli ilikuwa imeziba kwa uchafu mweusi. Niliisafisha kwa dizeli na unywele wa mkia wa punda, kwa kuwa ndiyo sindano iliyokuwepo. Ijumaa tukarudisha, Nakal akakaza kwa mkono wake, mimi nikazungusha hendeli. Ikakohoa. Nikasema basi. Ikakohoa tena, ikavuta pumzi, halafu ikapiga tu-tu-tu-tu mpaka mabati ya kibanda yakatetemeka. Watu wakakimbia nje wakidhani inalipuka. Kisha bomba likatapika kutu, likatapika matope, likatoa maji.

Jumamosi Ekal akafika, akanywa maji ya bomba kwa mikono miwili, akanipigia saluti. Nikarudi Lodwar nimekaa mbele, si juu ya magunia.

Mureithi akamwaga mfuko juu ya meza. "Vifaa kumi vilitoka," akasema. "Naona tisa."

"Cha kumi ni cha Nakal."

"Nakal ni nani? Ni mwajiriwa?"

"Ni mke wa mjomba wangu."

Mureithi akaweka kalamu chini. Akainua spana moja, akaona mikwaruzo. Akainua ya pili. Akaenda kumwita Barasa. Nilieleza. Nilieleza namba, nilieleza chapa, nilieleza ng'ombe, nilieleza shimo la maji. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zao zilivyozidi kuwa kama za watu wanaosikiliza redio ya nchi nyingine.

"Yaani," Barasa akasema, "mali ya ofisi umeitia chapa ya ukoo wenu, halafu umewagawia ndugu zako."

"Maji yanatoka, Bwana Barasa. Ulisema maji."

"Nilisema maji. Sikusema wizi."

Nikawageukia wale waliosikia. Tisa. Mmoja alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Mmoja alikumbuka ana kazi chini ya lori. Sitawataja leo, watoto wao wanasoma.

Nikarudi kwa ufagio. Kakuma wakampeleka fundi mwenye cheti kutoka Kitale, na sanduku zima, jekundu, milimita tupu, kila spana na kitanda chake. Na Mureithi, kwa kuwa nchi imeingia milimita, akapewa amri ya kuondoa chuma kizee. Safu ya kwanza yote ikatupwa kwenye pipa, pipa likapanda lori kwenda Kenya kuyeyushwa. Mimi ndiye niliyelibeba. Nilitaka kusema kitu. Nikakumbuka nimekatazwa sauti.

Miezi mitatu baadaye, kule Kakuma, nozeli ikaziba tena. Kumi na saba ikakataa kuingia, kumi na tisa ikazunguka bure. Fundi wa Kitale akaandika barua. Barua ya kwanza: tuma spana. Barua ya pili: nimeambiwa spana ipo hapa, kwa mama mmoja, amekataa kuitoa. Barua ya tatu ilikuwa fupi: mama anasema aje mtoto wa binti yao.

Barasa alinikuta nafagia mlangoni mwa stoo. Landrova ilikuwa inanguruma nyuma yake, mlango wazi.

"Ekwam, panda."

"Nipande kama nani?"

"Panda bwana, mifugo ya watu inakufa!"

"Ninajua inakufa. Ni ya kwetu. Nipande kama nani?"

Akatazama ufagio, akatazama Landrova, akatazama ile karatasi iliyobandikwa mlangoni kana kwamba ingemsaidia. Kisha akapaza sauti: "Mureithi! Lete kitabu!" Akaandika kwa mkono wake, kama alivyoahidi, akiwa amechelewa miezi mitatu. Nilimwomba anisomee, ingawa kusoma najua. Nilitaka wale tisa wasikie.

Sijui mpaka leo kama kazi ile niliipata kwa kuchagua vizuri au kwa kukosea. Nimewauliza wengi. Nakal aliponijibu alisema hilo ni swali la mtu aliyeshiba.

Mureithi akachukua fomu mpya. Aliniuliza kwa heshima, heshima ya kulazimishwa lakini heshima: "Haya fundi, vifaa. Tuanze na spana zipi?"

"Spana ninayoitaka iko Kakuma, na mwenyewe yuko nayo," nikasema. "Niandikie koleo."